Themanini ndiyo mia yake: kwa daktari unayeanza ICU ya watoto

Nimefanya kazi ICU (wodi za wagonjwa mahututi) tatu za watoto, na kila nilipohama niliambiwa niache kitu nilichosifiwa kwacho nilikotoka. Kwa hiyo, kabla hujashika faili, uliza: usiku hapa wauguzi wangapi, ventileta (mashine za kupumulia) ngapi, na mambo yakiharibika anaitwa nani?

Nilianzia hospitali ya umma, muuguzi mmoja kwa watoto watano. Pale masikio yanakusaidia kuliko monita. CPAP ya mapovu, inayomsukumia mtoto hewa puani ili mapafu yasijifunge, mwisho wake ni mrija tu uliozamishwa kwenye chupa ya maji. Ukizama sentimita tano, hiyo ndiyo presha yako ya hewa. Chupa ikinyamaza, kimbia kaangalie puani, mara nyingi mrija umechomoka. Mama wa mtoto mfundishe kuisikiliza, maana yeye halali.

Halafu kuna suala la maji ya dripu. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ya wasiopewa. (Wa kuhara hawakuwamo, usije ukawanyima.) Nilipofika Uingereza nikakuta mtoto wa sepsis (maambukizi makali yanayoharibu viungo vya mwili) anapewa mililita kumi kwa kilo, anapimwa, anaongezewa. Nilinuna. Lakini kitandani pake alisimama muuguzi wake peke yake, ventileta tayari, dawa za kupandisha presha zimeshachanganywa. Mwongozo wa sepsis kwa watoto wa 2020 wenyewe unatenganisha penye ICU na pasipo ICU.

Lililonitoa jasho ni kitengo cha moyo. Zamu ya pili, kichanga mwenye ventrikali moja (chemba moja tu ya moyo inayosukuma damu mapafuni na mwilini), monita inasoma oksijeni asilimia 80. Mkono ukaenda wenyewe kuongeza oksijeni. Sista akanishika kifundo: “Daktari, huyu themanini ndiyo mia yake.” Ningeongeza, damu ingekimbilia mapafuni, mwilini ikapungua, laktati (dalili ya mwili kukosa oksijeni) ikapanda, nami nimesimama nafurahia namba. Siku hizi nikipokea zamu nauliza kila kitanda: huyu tunataka ngapi?

Na toroli la dharura lifungue mwenyewe siku ya kwanza, usiridhike na tiki kwenye karatasi. Niliwahi kukuta karatasi imetikiwa yote, droo haina mpira wa kupumulia namba 3.5 hata mmoja.