Fukusi wa magugu maji: miezi mitatu na bwawa bado limefunikwa

Waalaykum salaam ndugu. Umesema mmetia fukusi, wale wadudu wanaokula magugu maji, kwenye bwawa la umwagiliaji hapo Pemba, na miezi mitatu baadaye magugu maji yako vile vile. Bado mapema. Kutoka yai hadi fukusi mzima ni miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo kizazi cha kwanza ndiyo kwanza kinatoka. Ziwa Victoria, walikotiwa miaka ya 1990, ilichukua miaka, si miezi.

Usiwatafute fukusi wenyewe. Mchana hujificha katikati ya mche, majani yanapochomoza. Tazama majani kwanza. Wakila huacha vidoa vya mviringo, kama milimita 3, vya rangi ya kahawia. Kisha pasua kikonyo cha jani kwa kisu: ukikuta njia nyeusi na buu jeupe lisilo na miguu, wanazaliana.

Hukuona kitu? Ng'oa mche utazame mizizi. Buu hushuka kujifungia kifuko kwenye mizizi iliyo ndani ya maji, na mche uliokita kwenye tope haulifai. Picha yako imeonesha majani tu, kwa hiyo hapo siwezi kukuhakikishia.

Mbolea inayotiririka kutoka kwenye mpunga nayo hufanya magugu yaote haraka kuliko fukusi wanavyoyala.

Tafadhali msipige dawa bwawa zima, na mkiopoa magugu kwa mkono acheni kona moja, fukusi wabaki. Mkitaka kuongeza fukusi, pitieni Wizara ya Kilimo. Msivushe miche kutoka bara kienyeji, huja na wadudu wengine.