Jibu: Mbps 20 zinaleta MB 2.5

Ndugu yangu wa Majengo, hujaibiwa. Unasema umelipia Mbps 20 ila faili linashuka kwa MB 2.5 kwa sekunde. Hiyo b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti 1 ina biti 8. Gawa 20 kwa 8, unapata 2.5. Tena una bahati, maana kwa kawaida inapungua kidogo: data husafiri kwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani za IP (za inakotoka na inakokwenda) na taarifa nyingine zake, nazo zinakula nafasi.

Hilo lako la pili, simu za video kukwama jioni, ni jambo jingine kabisa. Hapo pima ucheleweshaji, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi. Mbps ni kama kosta ya Moshi kwenda Arusha: hubeba wengi, lakini kwenye foleni bodaboda yenye abiria mmoja ndiyo inatangulia. Simu ya video inataka pakiti ndogo zinazowahi. Kwenye Windows fungua Command Prompt ukiwa kwenye waifai, andika ping -t 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google), uache dakika tano jioni. Kisha chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, urudie. Muda ukitulia kwa waya na kuyumba kwa waifai, tatizo liko humo ndani kwako. Ukiyumba kwa vyote viwili, wapigie waliokuunganishia. Weka majibu hapa, tuyasome pamoja.