Maswali na Majibu: Kuku wa Uani Kwenye Kiwanja Kidogo

Je, kuku watataga bila jogoo?

Watataga. Jogoo ni wa vifaranga, si wa mayai. Swali hili halikauki, na kwa kawaida anayeuliza keshanunua jogoo. Kama nyumba zenu zimebanana, mtie sufuriani. Anawika kabla hakujakucha na hakuna wa kumnyamazisha.

Kiwanja changu ni mita 15 kwa 20 na nyumba imechukua sehemu kubwa. Nilifikiria kuku ishirini.

Fikiria sita. Kila kuku apate angalau mita za mraba 0.4 ndani ya banda na mita moja ya mraba nje, ndani ya uzio. Banda la mita 1.5 kwa 2 linawatosha sita. Fito ya kulalia iwe na sentimita 25 kwa kila mmoja, na viota viwili vya sentimita 30 kwa 30. Fito iwe juu kuliko viota. Ukigeuza mambo, watalala viotani na utaokota mayai yaliyopakwa kinyesi. Kuku sita wa kisasa wa mayai, wakiwa kwenye kilele cha kutaga, watakupa mayai 30 hadi 36 kwa wiki. Anayetaka kufanya biashara atafute shamba.

Jirani analalamikia harufu. Nipulize dawa gani?

Usipulize chochote. Kinyesi kikavu hakimsumbui mtu. Kilicholowa ndicho kinachotoa amonia, ile inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi. Chota maranda sakafuni, ujaze ngumi, uyafinye. Yakishikana donge, yamelowa. Yakimwagika vidoleni, yako sawa. Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Anza na chombo cha kunywea: kikikaa sakafuni kuku hukiparulia taka na kukimwaga, kwa hiyo kining'inize kiwe usawa wa mgongo wa kuku. Halafu tazama paa linapovuja, na upande unaopigwa na mvua. Mwisho, chini ya fito. Karibu nusu ya kinyesi huanguka usiku, hivyo weka ubao pale na uukwangue kila asubuhi. Maranda yawe na kina cha sentimita 10, na yanayogandamana yaondolewe hapo hapo, si mpaka mwisho wa mwezi.

Na ninyi mnaomwaga klorini ya kufulia juu ya kinyesi, acheni. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu, nanyi mmeinama ndani ya kibanda. Kinyesi kichanganye na majani makavu, ukifunike, kiive miezi mitatu au minne ndipo kiende bustanini. Kibichi huunguza mizizi ya mboga.

Unaunga mkono sheria ndogo zinazopiga marufuku kuku kwenye makazi?

Hapana, ila najua zinakotoka: kwa watu wanaofungulia kuku asubuhi wakale kwa jirani. Sheria yenye akili itaje idadi, ikataze majogoo, iweke umbali kati ya banda na dirisha la jirani, idai uzio na pipa la chakula lenye mfuniko, kisha impe mkaguzi ruhusa ya kuingia. Kuhesabu vichwa pekee hakusaidii. Kuku watatu kwenye tope huudhi mtaa kuliko wanane kwenye maranda makavu.

Panya wamezidi tangu nianze kufuga. Kuku ndio wanaowaleta?

Chakula chako ndicho kinachowaleta. Kuku mmoja anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Pima, usimimine tu. Giza likiingia, toa chombo. Na ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita huzuia kuku kutoka, hauzuii panya kuingia. Tumia wavu wa kuchomelea wenye matundu ya milimita 12, uufukie sentimita 30 ardhini.

Watatu wamekufa kwa siku mbili, wengine shingo zimepinda na wanaharisha kijani. Niwape kitunguu saumu?

Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi. Hizo ni dalili za kideri, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Mafua ya ndege nayo huweza kufanana nao, kwa hiyo usishike mizoga kwa mikono mitupu wala usiipasue. Mpigie daktari wa mifugo leo. Usiuze waliobaki, usiwagawe, usiwachinje kwa kuogopa hasara. Mizoga ichomwe au ifukiwe kwenye shimo refu. Utakaonunua baadaye wachanjwe kabla hawajaingia bandani. Chanjo ya tone la jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kumchanja ambaye tayari anaumwa ni kupoteza dawa.

Mayai yaoshwe?

Uchafu mkavu ufute kwa kitambaa kikavu. Maji baridi huvuta vijidudu vipenye kwenye vitundu vya ganda. Lililochafuka sana, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na ulile siku hiyo hiyo, likiwa limeiva mpaka kiini kimekuwa kigumu. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni, hasa ya watoto, ambao nasikia wengine wenu mnawaacha wawabusu vifaranga.