Nani anamzunguka nani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza, kati ya zile nyota mbili za Rijili Kantori (Alpha Centauri), ambazo kwa macho matupu huonekana kama nyota moja, ipi inaizunguka nyingine. Hakuna. Zote mbili hukizunguka kitovu kilicho kati yao, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 80. Ile kubwa, A, ina tungamo kama mara 1.1 ya Jua letu, na B kama 0.9. Kwa hiyo kitovu kimeegemea kidogo upande wa A, lakini A nayo haitulii.

Ila umenirudisha kwenye usiku wa ile darubini, na mpaka leo unaniuma. Mama yako alichungulia akasema, "Ziko mbili." Nikamwambia ni moja, kioo ndicho kichafu. Nikakifuta kwa pindo la shati (usije ukafanya hivyo kamwe), nikachungulia: mbili. Nikafuta tena! Moja ya manjano hafifu, na mwenzake mdogo mwenye rangi ya chungwa kidogo, kwa kuwa hana joto la A. Mama yako hakusema neno. Kimya chake unakijua.

Na neno langu unalijua: pima kwanza, sema baadaye. Usiku ule nilisema kwanza.

Lakini hebu mtazame Thomas Henderson, mwanafalaki wa Uskoti. Yeye alipima. Mwaka 1832 na 1833 alizipima nyota hizo hizo ili kupata umbali wao, akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akarudi Uskoti na hesabu zake, akazikalia. Mwaka 1838 Bessel, mwanafalaki Mjerumani, akatangaza umbali wa nyota nyingine, akawa wa kwanza. Henderson akatoa wake 1839. Je, alikosea kusubiri? Kumbe hesabu yake ilizisogeza karibu mno. Leo tunajua ni miaka ya nuru 4.4. Basi alikuwa na sababu ya kusita. Lakini miaka sita, mwanangu! Hapana, pima kwanza. Ingawa... Nimeandika jibu langu hapa mara mbili na mara mbili nimelikata. Amua mwenyewe, maana nikisema utanikumbusha ile lenzi.

Mwaka 2035 nyota hizo mbili zitakaribiana kuliko wakati wowote tangu 1955, kama mara 11 ya umbali wa Dunia na Jua. Darubini ipo kabatini. Mama yako anasema uje, ila atachungulia yeye kwanza.

Baba yako