Jibu: Kwanini Kennicutt anatajwa sana hivi?

Mkuu umeuliza kwanini Robert Kennicutt, yule mwanaastronomia, anatajwa kila sehemu kwenye makala za galaksi (yale makundi makubwa ya nyota). Iko hivi, 1959 mwanaastronomia Maarten Schmidt alisema penye gesi nyingi ndo nyota zinazaliwa kwa wingi, afu 1998 Kennicutt akapima galaksi kibao akaonyesha gesi ikisongamana mara 10 zaidi kasi ya kuzaa nyota inapanda kama mara 25, na akaweka fomula za kupata hiyo kasi kutoka kwenye mwanga wa galaksi, sasa anayepima galaksi anazitumia na lazima amtaje, ndo maana maelfu ya makala yanamtaja. Hiyo kazi naiheshimu mno aisee.

Na H-indeksi, kile kipimo cha mtafiti kutajwa, ikiwa 50 maana yake ana makala 50 zilizotajwa angalau mara 50 kila moja, basi.

Na kwa vile uko Uyole, Mbeya, Januari usiku mawingu yakiachia cheki karibu na zile nyota tatu za mstari za kundi la Orioni, kale kadoa ka ukungu ndo nyota zinazaliwa pale, darubini ndogo tu inatosha.