Redio Ikinunuliwa, Ruhusa Inatoka Wapi?

Kuna minong'ono kwamba redio ninayotangazia biashara yangu inanunuliwa na kampuni ambayo tayari ina televisheni na gazeti. Nani anaruhusu? Na mimi mfanyabiashara nina nafasi ya kusema lolote? – Msomaji, Kariakoo

Ruhusa ni mbili. Moja hutolewa na Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Nyingine ni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa sababu leseni ya utangazaji haiuzwi kama gari: umiliki wa kampuni yenye leseni haubadiliki mikono bila mamlaka kuridhia. Kibali cha mmoja hakimfungi mwingine.

Kwa FCC, kipimo ni shilingi bilioni 3.5, yaani mauzo au mali za pande zote mbili zikijumlishwa. Wauzaji wadogo hukosea hapo. Mwenye redio anasema yangu thamani yake ni milioni mia mbili tu, hainihusu. Kumbe anajumlishwa na mnunuzi. Kosa lingine ni kuanza kuishi pamoja kabla ya ndoa kufungwa: idara za mauzo zinaunganishwa, mitambo inahamishwa, mkurugenzi anabadilishwa, na kibali bado. Hilo ni kosa kisheria hata kama dili lenyewe lingepita bila shida. Siku huhesabiwa jalada likikamilika: 14 za mwanzo za kuamua kama dili lichunguzwe kwa kina, na likichunguzwa ni 90, ambazo zinaweza kuongezwa 30.

Kuhusu nafasi yako, ipo. FCC hutangaza maombi na kukaribisha maoni, ila barua ya "napinga" peke yake haina uzito. Weka bei: tangazo la sekunde 30 kipindi cha asubuhi ni shilingi ngapi kwa kila kituo unachotumia, ulihama kituo gani bei ilipopanda, na kama umewahi kuambiwa punguzo hupati mpaka uchukue redio, televisheni na gazeti kwa pamoja. Ambatanisha ankara. Takwimu hizo ndizo zinazosaidia kuchora mipaka ya "soko husika", na ugomvi wote uko hapo. Mnunuzi atadai soko ni matangazo yote nchini, mabango na simu zikiwemo, ili sehemu yake ionekane ndogo. Wewe ukionyesha kuwa mama anayenunua sabuni yako humpati kwa bango la Ubungo bali kwa redio saa moja asubuhi, mipaka inasogea. Sheria ilipotungwa iliweka asilimia 35 ya soko kuwa mstari wa kutazamwa kwa jicho kali.

Usijidharau. Mwaka 2022 FCC iliruhusu Scancem, yenye Twiga Cement, inunue Tanga Cement. Chalinze Cement na chama cha kutetea walaji wakaenda Baraza la Ushindani (FCT), na Septemba mwaka huohuo kibali kikafutwa. Dili lilikuja kupita baadaye kwa njia nyingine, lakini wapingaji walisikilizwa. Saruji si redio. Sheria ni ileile.

FCC wakiona ushindani haujaumia, basi yameisha? Habari zikitoka chumba kimoja cha habari je? – Mwandishi, Mikocheni

Hapo sheria ya ushindani inafika mwisho wa kamba. Inapima bei na soko, haihesabu sauti. Waandishi watatu waliokuwa wakienda mahakamani Kisutu wakigeuka mmoja mwenye maiki tatu mkononi, bei ya tangazo huenda isipande hata senti.

Uingereza wametenganisha mambo haya mawili. Desemba 2016 kampuni ya 21st Century Fox, iliyokuwa na asilimia 39 ya Sky, kampuni ya televisheni ya Uingereza, iliomba kununua 61 zilizobaki kwa pauni bilioni 11.7. Tume ya Ulaya ilipima ushindani na Aprili 2017 ikaruhusu bila masharti. Lakini Januari 2018 mamlaka ya Uingereza, ikipima wingi wa sauti, ilitoa maoni ya awali kwamba familia ya Murdoch, yenye Fox, ingekuwa na ushawishi mkubwa mno juu ya habari. Mwishowe Sky ilichukuliwa na Comcast kwenye mnada. Kwa maoni yetu, kipimo cha namna hiyo kingetufaa kuliko kuongeza faini.

King'amuzi changu cha DStv sasa ni cha Wafaransa. Si Afrika Kusini wana sheria ya kuzuia wageni? – Msomaji, Sinza

Wanayo: mgeni hapaswi kuvuka asilimia 20 ya kura kwenye kampuni ya utangazaji. Canal+ ya Ufaransa ilipopita asilimia 35 ya hisa za MultiChoice, wenye DStv, mwaka 2024, ililazimika kutoa ofa kwa wanahisa wote, randi 125 kwa hisa. Kizuizi kikakwepwa kihalali: kampuni yenye leseni ikatengwa, wengi wa wenye kura wakawa Waafrika Kusini, huku MultiChoice ikibaki na asilimia 20 ya kura na 49 ya manufaa ya kiuchumi. Ununuzi ulikamilika Septemba 2025. Kwa hiyo ukisoma mkataba wowote, kura na faida zisome mbalimbali. Na kibali cha COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, hakifiki Dar es Salaam. Tanzania ilijitoa humo mwaka 2000.

Nitajuaje mwenye kituo ni nani? – Msomaji, Mbagala

Omba upekuzi wa jalada la kampuni kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa mtandao. Utaona wakurugenzi na wanahisa. Mwanahisa akiwa kampuni, pekua na hiyo. Ikiwa imesajiliwa ng'ambo, mara nyingi njia inaishia hapo. Usiishie kwenye hisa, tazama na rehani, ambazo sheria inataka ziandikishwe ndani ya siku 42. Ukikuta mkopeshaji mkubwa wa kituo ndiye anayetajwa kuwa mnunuzi, litaje hilo kwenye barua yako ya FCC, pamoja na tarehe ya rehani.