Nilidhani ni hasira, kumbe ni hofu ya marejesho

Mkuu, umeuliza kama akili hisia, yaani uwezo wa kuzielewa hisia na kuzitumia vizuri, inamsaidia mtu kweli maishani au ni maneno ya semina tu. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ninakouza dagaa kwa jumla.

Mzee mmoja wa Ukerewe alikuwa ananiletea mzigo kila giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika, na sisi tunahesabu biashara kwa giza. Masika moja akashusha magunia yenye unyevu na mchanga. Nikamfokea mbele ya wabeba mizigo, mtu wa umri wa baba yangu! Hakujibu neno. Akapakia mzigo wake, akaenda kwa mwingine, na magiza mawili yaliyofuata hakukanyaga kwangu. Nyumbani nikawa silali, watoto wananikwepa.

Wanasaikolojia wa Marekani, Salovey na Mayer, walipoieleza akili hii mwaka 1990, walianza na kutambua hisia, zako na za wenzako, na kuzipambanua, ndipo zikuongoze katika kufikiri na kutenda. Wengi wetu tunadhani ni kumeza hasira. Kumeza naweza sana. Wiki ile nzima nilikuwa nameza. Kilichonishinda ni kupambanua. Nilipotulia ndipo nikaona kwamba haikuwa hasira hata kidogo. Ijumaa nilikuwa na marejesho ya mkopo wa kikundi, na dagaa wasiokauka hawauziki. Niliogopa kuaibika mbele ya wenzangu.

Akili hisia haikupi mtaji, na bei ikianguka imeanguka. Ila watu ndio mtaji wangu mwingine, na huo nilikuwa nauchoma.

Nikapanda meli hadi Nansio, kule Ukerewe. "Shikamoo baba. Siku ile niliogopa deni, hofu yangu nikaimalizia kwako. Nisamehe." Akanyamaza, kisha akanieleza: mvua iliwakuta dagaa wameanikwa mchangani, chanja hana, naye anadaiwa mafuta ya injini. Kumbe siku ile tulikuwa waoga wawili.

Giza lililofuata akanipigia simu kabla ya kupakia. "Mwanangu, huku kumenyesha, nusu hawajakauka. Nilete au nisubiri?"

Nikamwambia asubiri. Ilikuwa Jumanne. Nikafunga kibanda mapema, nikaenda kwa mweka hazina wa kikundi kumwomba siku tatu za ziada kabla Ijumaa haijanikuta.